Ukinyanyua Gari Umerudi Miaka ya 1920: Historia ya Usukani Unaovuta

Ukipekua Insta siku hizi hazipiti dakika tano hujakutana na staa (majina tunayaweka kapuni) kasimama pembeni ya mkonga ulionyanyuliwa, tairi zinamfika kiunoni. Picha kali, likes kibao. Kitu ambacho picha haionyeshi ni mikono ya dereva akishashika barabara kuu. Usukani unavuta upande, au gari linatangatanga kama limelewa, na mbele linakuja basi. Anapeleka gari alaimenti, analipa. Kesho yake hali ni ileile. Analipa tena.

Leo tunarudi nyuma miaka 200 tuone hii ishu imetokea wapi. Ukijua ilikotoka, hutaliwa hela kizembe.

Ilianza na farasi

Zamani mkokoteni wa farasi ulikuwa unakata kona kwa kuzungusha ekseli nzima ya mbele kwenye pini moja ya katikati. Kona ikiwa kali, tairi zinaingia chini ya bodi na mkokoteni unaweza kupinduka. Mtengeneza magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, akaja na wazo: ekseli itulie, kila tairi izunguke kwenye pini yake pembeni. Mwaka 1818 wakala wake wa London, Rudolph Ackermann, akalisajili wazo hilo Uingereza. Matokeo yake mpaka leo mafundi duniani wanataja jina la Ackermann, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa vitabu na picha. Mwenye wazo kasahaulika. Mambo ya wajanja hayajaanza leo!

Wazo lilikuwa zuri ila halikushika haraka. Mwaka 1873 Mfaransa Amédée Bollée wa Le Mans alitengeneza gari la mvuke lililoitwa L'Obéissante, yaani "mtiifu", ambalo kila tairi ya mbele ilizunguka kwenye pini yake. Hata Karl Benz, gari lake la mwaka 1886 lilikuwa na tairi tatu tu, kwa sababu hakuridhika na usukani wa tairi nne uliokuwepo. Hati yake ya usukani wa tairi nne aliipata mwaka 1893. Yaani huyo tunayemwita baba wa gari, injini aliimaliza kwanza, usukani ukamsubirisha miaka saba mingine.

Pembe tatu za kujua

Tairi mbili zikishakuwa na pini zake, lazima zipangwe pembe. Ziko tatu, na ndizo zinazopimwa kwenye alaimenti.

Ya kwanza ni tou. Simama, kisha elekeza vidole vya miguu ndani au nje. Ndiyo hiyo. Tou ikiharibika inakula tairi.

Ya pili ni kemba. Hayo ni matege ya gari: tairi imelala ndani au nje ukiitazama kwa mbele.

Ya tatu ni kasta, na hii ndiyo roho ya stori yetu. Angalia uma wa mbele wa baiskeli, haujasimama wima, juu umelala kumfuata mwendeshaji. Pini ya tairi ya gari nayo imelazwa hivyo, digrii chache tu. Ule mlalo ndio unaofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona, na gari lishike njia bila kupigana nalo.

Miaka ya 1920: magari yanatetemeka

Miaka ya 1920 vilikuja vitu viwili vitamu: tairi nene za upepo mdogo, na breki za mbele. Raha tupu, ila ekseli ya mbele ikawa nzito. Ukipiga shimo kwenye spidi fulani, tairi zote mbili zinaanza kucheza kushoto kulia na usukani unakupiga mikono. Wahandisi waliumiza vichwa kweli. Mojawapo ya majibu ilikuwa kuachana na ekseli moja ya mbele na kuipa kila tairi mkono wake. Mwaka 1934 General Motors wakaingiza mfumo huo kwenye magari yao.

Magari ya porini hayakufuata. Jeep ya Willys ya mwaka 1941, Land Rover ya 1948, Toyota BJ ya 1951 ambayo mwaka 1954 ilipewa jina la Land Cruiser, zote zilibaki na ekseli nzima mbele, kwa sababu ni ngumu na inavumilia mawe. Mwaka 1970 Range Rover ikaleta springi za kuzunguka badala ya springi za majani, ekseli ikiwa imeshikwa na mikono inayorudi nyuma kwenye chesisi, pamoja na rodi moja ya kulala kutoka upande huu hadi ule. Rodi hiyo inabeba jina la kampuni ya Kifaransa, Panhard. Land Cruiser za 80 zikapita njia hiyo, na mkonga ukaifuata mwaka 1999.

Sasa wewe unakuja na springi ndefu

Hapo ndipo historia inakurudia. Chesisi ikipanda, ile mikono ya nyuma inainuka nayo na kuizungusha ekseli mbele. Kasta inapungua. Springi za inchi mbili tu zinatosha kulifanya gari litangetange na usukani ugome kurudi. Rodi ya Panhard urefu wake haubadiliki, kwa hiyo ikisimama zaidi inaivuta ekseli nzima kuelekea upande iliposhikwa kwenye chesisi. Rodi ya usukani nayo inasimama, na usukani unakaa mshazari hata ukiwa unaenda mbele. Ongeza tairi kubwa, nzito, na bushi zilizochoka. Hongera, umerudi mwaka 1925.

Na hapa ndipo hela zinapopotea. Kwenye ekseli nzima, mashine ya alaimenti inapima pembe zote tatu, lakini fundi anachoweza kurekebisha kwa spana ni tou peke yake. Kasta hairudi mpaka ubadilishe bushi za mikono kwa zile zenye tundu lililohamishwa, au uweke mikono mingine. Ukirudi mara kumi bila hivyo, umelipia tou mara kumi.

Wenye Prado na Hilux za kisasa stori ni tofauti kidogo. Kila tairi ina mkono wake, kwa hiyo ukinyanyua, kemba na tou zinahama pia. Kuna bolti za kurekebishia, ila zina mwisho. Zikifika mwisho, unahitaji mikono ya juu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililonyanyuliwa.

Kabla hujalipa, tenganisha magonjwa

Kutangatanga, usukani mshazari na kuvuta upande ni magonjwa matatu. Kasta iliyopungua sawa pande zote inaleta kutangatanga. Usukani mshazari unarekebishwa kwenye rodi. Kuvuta maana yake kuna kitu upande mmoja hakilingani na mwenzake, kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Pima upepo. Tairi yenye upepo mdogo inavuta kwake.
2. Angalia barabara. Sisi tunaendesha kushoto na barabara nyingi zimeinuka katikati, kwa hiyo gari kusogea kushoto taratibu ni kawaida.
3. Badilishana tairi za mbele, ya kulia iende kushoto. Mvuto ukihama upande, mwizi ni tairi.
4. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na rimu bila kugusa. Upande wenye joto kali kuliko mwenzake, breki imeng'ang'ania.
5. Kagua bushi, beringi, boli jointi na ncha za rodi, mtu mmoja akiwa anacheza usukani.
6. Nyuma kwenye springi za majani, angalia kama bolti ya katikati imekatika. Ekseli ikikaa mshazari, gari zima linasukumwa upande.
7. Alaimenti iwe ya mwisho, na udai karatasi ya vipimo. Gari linavuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, au wenye kemba iliyolala nje zaidi.

Na ukianza kutetemeka kama wale wa 1920, usikanyage breki kwa hasira. Achia mafuta, shika usukani, spidi ishuke taratibu, simama pembeni. Ile shokapu ya usukani wanayokuuzia kama dawa inaficha homa tu, ugonjwa unabaki palepale.

Lankensperger alitaka watu wakate kona wasipinduke. Miaka 200 baadaye kazi ni ileile, na abiria wako hawajui kasta ni nini, wamekuamini wewe.

Haya wadau, gari lako linavuta, linatangatanga au usukani mshazari? Tiririka hapo chini, taja na umelinyanyua inchi ngapi.