Radoni: kutoka mgodini hadi ofisini

Upimaji wa radoni ulianza na vifo vya wachimba madini. Katika karne ya 16 Georgius Agricola aliandika habari za maradhi ya mapafu yaliyowamaliza wachimbaji wa milima iliyo mpakani mwa Ujerumani na Ucheki, na mwaka 1879 madaktari wa mji wa Schneeberg wakayatambua kuwa ni saratani. Gesi iliyoyasababisha, radoni, isiyo na rangi wala harufu, iligunduliwa na Friedrich Ernst Dorn mwaka 1900. Huzaliwa na urani iliyomo mwambani, hupungua nusu kila baada ya siku 3.8, na mwisho wa mabadiliko yake ni risasi.

Kwa muda mrefu waliopima radoni walihangaika na migodi ya urani. Majumba hayakuwashughulisha sana hadi mwaka 1984, huko Pennsylvania, Marekani, king'ora cha mionzi kilipolia mhandisi alipokuwa akiingia kazini kwenye kinu cha nyuklia ambacho kilikuwa hakijawashwa. Uchafu huo wa mionzi ulitokana na radoni ya nyumbani kwake.

Viwango vya kimataifa vya mwaka 2014 vinataka majengo yanayokaliwa sana na umma yasizidi radoni ya bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 300 kwa mita ya ujazo, na mahali pa kazi 1,000. Shirika la Afya Duniani hupendekeza 100. Nchini Tanzania masuala ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kurithi Tume ya Taifa ya Mionzi.

Kata ya Kabungu, kwa mfano, kama sehemu kubwa ya mkoa wa Katavi, imekaa juu ya miamba mikongwe ya Ubende. Jina la mwamba halitoshi kusema kitu. Kinachohesabika pia ni nyufa za sakafu na hewa inavyopita. Darasa lenye matundu ya hewa chini ya paa hupumua usiku kucha, ilhali duka linalofungwa kwa makufuli jioni, au ofisi yenye kiyoyozi, huikusanya gesi. Kwa hiyo kipimo huwekwa chumba cha chini, mbali na dirisha: kikopo chenye kipande cha plastiki, kwa miezi mitatu hivi. Maabara hukiloweka kipande hicho ndani ya magadi makali ya moto, kisha alama zilizochimbwa na mionzi huhesabiwa kwa hadubini.