Utando wa msingi, pale msuli unapoishia

Litazame paja la ng'ombe buchani Samuye, wilaya ya Shinyanga. Ukilifuata kuelekea kwatoni, nyama nyekundu inakwisha na kamba nyeupe, ngumu, inaanza. Wateja huiita mshipa, jina ambalo pia ni la njia za damu na neva. Kitaalamu ni kano. Maksai akivuta plau, nguvu ya msuli wote hupita kwenye mpaka huo, na mpaka haukatiki. Wa binadamu ni vivyo hivyo.

Ncha ya kila uzi wa msuli imejikunja na kujigawa mfano wa vidole vilivyozama ndani ya kano, hivyo mzigo unaenea kwenye eneo kubwa. Kati ya vidole hivyo na kano kuna utando wa msingi, mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Umefumwa kwa protini. Kolajeni ya aina ya 4 ni wavu. Laminini, yenye minyororo mitatu, ni wavu wa pili. Nidojeni na perlekani huziunganisha. Kwa upande wa msuli, laminini hushikwa na integrini na distroglikani, na distroglikani nayo hushikana na distrofini iliyo ndani ya uzi. Kwenye maungio haya ipo pia kolajeni ya aina ya 22, iliyoelezwa mwaka 2004.

Ajabu iko kwenye kiinitete. Seli za misuli ya mkono na mguu huhamia huko zikitoka kwenye somiti, vipande vilivyopangana kandokando ya uti wa mgongo unaochipuka. Seli za kano hazihamii; asili yake ni tishu ya kiungo chenyewe. Pande hizi mbili zisizo za ukoo mmoja hukutana na kujenga utando pamoja. Laminini nazo hubadilika: minyororo ya alfa 4 na alfa 5 hupungua kadiri msuli unavyokomaa, alfa 2 ikatawala. Mtoto aliyerithi hitilafu kubwa katika jeni ya alfa 2 huzaliwa na misuli iliyolegea. Anayekosa distrofini hupata ugonjwa wa Duchenne, ambao huwapata zaidi wavulana.

Sasa jina la utando huu. Wapo watakaotaka kiwambo, kutokana na kuwamba ngoma, lakini kiwambo kimeshazoeleka kwa ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Utando unafaa zaidi. Shida yangu ni hilo la msingi: kwenye ngozi utando kweli umelala chini ya seli, ila kwenye msuli unauzunguka uzi pande zote. Ningependa kusema utando shikizi, kwa kuwa kazi yake ni kushikiza, lakini Mtanzania akisikia shikizi anafikiria shule ndogo iliyo chini ya shule mama. Basi msingi ubaki, usomwe kwa maana ya kitu cha kutegemewa, hata kama hakiko chini.