Chuo Kikuu Huria cha Tanzania: Chuo cha Watu Wenye Kazi Zao

Kabla ya chuo hiki kuzaliwa, mtumishi wa kawaida aliyetamani shahada ilimbidi aombe ruhusa kazini, aiage familia, kisha apande Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi ruhusa hawakuipata. Hata huku kwetu Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi 1955, wapo walimu waliowafikisha vijana wa watu chuo kikuu huku wenyewe wakibaki na stashahada zao.

Kamati ya Kuhenga, ya kuchunguza uwezekano wa kuwa na chuo huria, iliundwa 1988, ikakabidhi taarifa yake Mei 1990, na Bunge likapitisha Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 ya kukianzisha. Kazi ya kuijenga taasisi akapewa Profesa Geoffrey Mmari, aliyekwisha kuongoza Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hatukuweza kupata Makamu Mkuu wa Chuo bora kuliko huyo: mwalimu wa walimu, mpole, asiyemdharau mwanafunzi mwenye mvi. Tarehe 19 Januari 1994 Mzee John Malecela akasimikwa kuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa 766, wengi wao walimu na makarani.

Watu waliuliza, chuo gani hiki kisicho na mabweni? Sisi wanafunzi wake tulikijua kwa furushi la vitabu lililotufikia kwa posta. Baadhi vilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kuwa vyetu vilikuwa bado vinaandikwa. Ukirudi kazini jioni unakula, watoto wanalala, unasogeza kibatari na kufungua sura uliyoishia jana. Siku ya jaribio unatoka Pugu alfajiri, unabanana kwenye daladala hadi Kariakoo, unaunganisha nyingine ya Kinondoni kunakofanyiwa jaribio, na humo njiani bado unapitia madokezo yako. Nauli ya mwanafunzi hakuna konda aliyetukubalia. Tulikuwa watu wazima wenye mashati ya ofisini! Mikoani, vituo vingi vilianzia katika vyumba vya kuazima, na waratibu wake walifanya kazi ya idara nzima.

Kwa wengi shahada ilichukua miaka sita au zaidi. Wapo walioishia njiani kwa ada, kwa uhamisho, kwa uuguzi wa wazazi. Waliovumilia walivaa majoho katika mahafali ya kwanza, 1999, na wengine walipigiwa vigelegele na wajukuu.

Mambo yaliyofuata ni mengi. Profesa Mmari aling'atuka 2005. Akaja Profesa Tolly Mbwette hadi 2015, kisha Profesa Elifas Bisanda. Mheshimiwa Mizengo Pinda akawa Mkuu wa Chuo. Eneo la makao ya kudumu likapatikana Bungo, Kibaha. Shahada za uzamili na uzamivu zikaongezeka, masomo yakahamia mtandaoni. Kozi ya msingi, ya kuwaandaa wasio na sifa za kuanza shahada moja kwa moja, ilipita katika kipindi kigumu baada ya 2016, lakini ipo.