Msimamizi, mratibu au meneja? Jina la mtu anayeisimamisha sanaa

Christo alifariki dunia Mei 31, 2020, mjini New York. Mkewe na mshirika wake katika kila kazi, Jeanne-Claude, alikuwa ametangulia mwaka 2009. Hata hivyo, Septemba 18, 2021, wakazi wa Paris waliikuta Arc de Triomphe, tao lao la ushindi, imefunikwa gubigubi kwa karibu mita za mraba 25,000 za kitambaa cha rangi ya fedha inayoelekea buluu, kimekazwa kwa mita 3,000 za kamba nyekundu, kama wasanii hao walivyokuwa wamekusudia. Aliyeisimamisha kazi hiyo ni Vladimir Yavachev, mtoto wa nduguye Christo, ambaye alikuwa amefanya naye kazi kwa miaka mingi.

Wazo lenyewe lilikuwa la tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kibali kilipopatikana, kazi ilipangwa iwe Aprili 2020. Ikasogezwa hadi Septemba kwa sababu ya kozi wadogo wanaojenga viota kwenye tao hilo majira ya kuchipua, kisha ikaja korona na kuisogeza tena mwaka mzima. Sanamu za mawe zilibidi zikingwe ili kitambaa kisizikwaruze. Mwenge wa kaburi la askari asiyejulikana, lililopo chini ya tao, ulitakiwa uendelee kuwaka siku zote. Gharama, euro milioni 14 hivi, zilitokana na mauzo ya kazi za Christo mwenyewe. Serikali haikutoa kitu. Ndege, mwenge, chuma, fedha na mafundi wanaoning'inia kwenye kamba: mtu anayeyabeba hayo yote kwa pamoja Kiingereza humwita 'project manager' au, cheo kikipanda, 'project director'. Kiswahili kimwite nani?

Swali hili haliwahusu wanakamusi peke yao. Manispaa, jumba la makumbusho au kampuni inayotaka kuweka kazi kubwa ya sanaa mahali pa wazi hulazimika kutoa tangazo, na jina lililoandikwa juu ya tangazo ndilo linaloamua nani ataleta maombi. Ukiandika 'mratibu', watakuja watu wa asasi waliozoea kuitisha vikao na kuandika ripoti. Ukiandika 'msimamizi', watakuja watu wa saiti, wenye kofia ngumu na daftari la mahudhurio ya mafundi. Wote ni watu wa maana, ila huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kushika bajeti nzima na kujibu mbele ya mwenye mali.

'Msimamizi' ni neno zuri na la siku nyingi. Linatokana na kusimamia, na kila Mswahili analielewa bila kufafanuliwa. Tatizo lake ni kwamba limegawiwa watu wengi mno. Kuna msimamizi wa mtihani, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayenakili. Kuna msimamizi wa mirathi, anayeteuliwa na mahakama kukusanya na kugawa mali ya marehemu. Kuna msimamizi wa harusi, wa shamba, wa ghala. Wanachofanana wote hawa ni kwamba jambo limeshapangwa na mwingine, na wao wamewekwa kuona kwamba halikiukwi. Mtu wa kazi ya sanaa hupanga, hujadiliana bei, husaini mikataba midogo na wakandarasi, na siku mambo yakienda mrama hubadilisha mpango bila kungoja kikao.

'Mratibu' naye hupanga, maana kuratibu ni kuweka mambo katika utaratibu wake. Lakini katika matumizi ya ofisini mratibu huunganisha watu ambao wakubwa wao ni wengine. Hawezi kumfukuza mkandarasi. Mara nyingi hawezi hata kusaini hundi.

Mabaharia wa majahazi wana neno tamu kuliko yote hayo: serahangi, yule anayewaongoza mabaharia kazini kwa niaba ya nahodha. Ukiangalia kwa makini, uhusiano wa msanii na mtu huyu unafanana sana na ule wa nahodha na serahangi. Bahati mbaya neno limebaki pwani na limezeeka huko. Tangazo la kazi likimtafuta serahangi wa sanaa litaleta vicheko kabla ya wasifu. Linabaki 'meneja'. Wapo wanaolichukia kwa kuwa ni la mkopo, lakini limeshakaa miaka mingi kinywani mwa watu. Meneja wa benki, meneja wa baa, meneja wa timu ya mpira: msikilizaji anajua papo hapo kwamba huyu ana madaraka juu ya fedha na juu ya watu, na kwamba hasara ikitokea ndiye atakayeulizwa. Hiyo ndiyo maana inayotakiwa. 'Meneja mradi', kama wanavyoandika wahandisi wa Tanzania, au 'meneja wa mradi' kwa anayependa kiunganishi, limbebe mtu huyu. 'Msimamizi' abaki kwa anayeshinda saiti, na 'mratibu' kwa anayeunganisha idara.

Kuna ushahidi kwamba mgawanyo huo si wa vitabuni. Mwaka 2005 Christo na Jeanne-Claude walisimamisha malango 7,503 yenye vitambaa vya rangi ya zafarani katika bustani ya Central Park, New York, kwenye njia za kilomita 37. Walikuwa na Vince Davenport kama mhandisi mkuu na mkuu wa ujenzi, na Jonita Davenport kama mkurugenzi wa mradi. Vyeo viwili, mikoba miwili: mmoja alihangaika na chuma, mwingine na mradi wote.

Meneja wa namna hii huchukuliwa kwa mradi mmoja, si kwa ajira ya kudumu. Basi sasa lije neno la pili, ambalo Kiingereza huliita 'freelance'. Walter Scott alilitumia katika riwaya yake ya Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819, akiwa na maana ya askari wa kukodiwa ambaye mkuki wake haukuwa chini ya bwana yeyote. Kiswahili hakihitaji mkuki. Magazeti ya Tanzania yana 'mwandishi wa kujitegemea' kwa miaka mingi sasa, na Kenya wana 'mwanahabari huru'. Hilo la 'huru' lina utata wake, kwa sababu meneja huru aweza kueleweka kuwa ni meneja asiyeingiliwa, na hakuna mteja anayelipia asiingilie. 'Kujitegemea' limepita kwenye Azimio la Arusha la mwaka 1967 na kushuka hadi mitaani, ambako kijana aliyehama kwa wazazi na kupanga chumba husemwa 'siku hizi anajitegemea'. Maana yake ni bayana: anajilipia mwenyewe bima, kodi na likizo, na kazi ikiisha anaondoka. Asichanganywe na kibarua. Neno hilo, linalotokana na kijibarua alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili alipwe, ni la mtu anayeuza siku yake, wakati mtu wa kujitegemea anauza matokeo.

Lililo gumu zaidi ni jina la kazi yenyewe ya sanaa, ile ambayo Kiingereza huiita 'installation'. Kusimika tunakujua: nguzo husimikwa, mitambo husimikwa, na askofu naye husimikwa. 'Sanaa ya usimikaji' imeanza kusikika, nayo inafaa, kwa kuwa inaonyesha kitu kilichowekwa mahali maalumu, tofauti na mchoro unaoweza kutundikwa ukuta wowote. Lakini kazi ya kumfanya mtu aingie ndani yake, asikie mvuke, mwanga na sauti vikimfikia kutoka kila upande, iitweje? Kwenye jumba la Tate Modern, London, kati ya Oktoba 2003 na Machi 2004, Olafur Eliasson aliweka jua la taa za manjano, ukungu na dari la vioo. Watu walilala chali sakafuni wakijitazama juu. Zaidi ya milioni 2 walipita humo.

Kiingereza huiita kazi hiyo 'immersive'. Mtafsiri wa haraka atachukua 'kuzama', na hapo ndipo mtego ulipo. Aliyezama majini anahitaji kuokolewa. 'Kuzamia' ni mbaya zaidi: mzamiaji ni kijana aliyejificha melini bila nauli, na anayezamia harusi ni mla pilau asiyealikwa. Kuna kitenzi kingine, kuzingira, ambacho kimezaa 'mazingira'. Msanii wa Marekani Allan Kaprow, kabla jina la usimikaji halijazoeleka, mwishoni mwa miaka ya 1950 aliziita kazi zake za namna hii kwa neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo ya mazingira. Basi 'usimikaji wa kuzingira' unaeleweka: kazi imemzunguka mtu. Ni kweli polisi nao huzingira nyumba, lakini anayesoma kuhusu maonyesho ya sanaa hatatarajia mabomu ya machozi.

Neno hilo la kuzingira ndilo linalobadilisha sifa za mtu wa kuajiriwa. Sanamu ya shaba kwenye mzunguko wa barabara haina shida na pumzi za watu. Kazi ya kuzingira inawabeba. Oktoba 2010 Ai Weiwei alimwaga katika ukumbi huo huo wa Tate Modern mbegu za alizeti milioni 100 za kaure, zilizotengenezwa kwa mkono na watu 1,600 katika mji wa Jingdezhen, China. Kusudio lilikuwa watu watembee juu yake. Baada ya siku chache tu uwanja ukafungwa, kwa sababu miguu ya watu ilitimua vumbi la kaure lililohofiwa kudhuru mapafu, na wageni waliofuata walitazama kutoka kando. Kazi iliyosafirishwa kutoka upande mwingine wa dunia ikapoteza nusu ya maana yake kwa sababu ya vumbi. Mwombaji wa kazi ya umeneja mradi aulizwe swali hilo kwenye usaili: umati ukianza kutembea juu ya kazi, ni nini kitatimka, kitateleza au kitalegea?

Mfano wa pili ni wa Juni 2016, kwenye ziwa Iseo, Italia. Christo alitandaza njia ya kilomita 3 juu ya maji, ikielea kwa maboya 220,000 ya plastiki, imevikwa kitambaa cha manjano na kushikiliwa na nanga nzito za zege zilizoshushwa na wapiga mbizi. Ilikaa siku 16. Watu wapatao milioni 1.2 walifika, kwenye vijiji ambavyo treni zake hazikujengwa kwa umati huo. Njia ilikusudiwa kuwa wazi usiku na mchana. Siku chache baada ya kufunguliwa ikaanza kufungwa usiku ili isafishwe na kukarabatiwa. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kungoja bodi ikutane mwezi ujao. Lazima awepo mtu ambaye karatasi inasema ana mamlaka ya kufunga.

Karatasi hiyo watu wa ununuzi Tanzania huiita hadidu za rejea. Kwa kazi hii, hadidu nyingi hukosewa mahali pale pale: zinaeleza sanaa kwa kurasa nne na madaraka kwa sentensi moja. Ziseme anayeruhusiwa kuidhinisha matumizi na hadi kiasi gani, fungu la dharura linafunguliwa na nani, vibali vya halmashauri na vya zimamoto vinafuatwa na nani, bima ya madhara kwa wapita njia inasimama kwa jina la nani. Ziseme pia mpaka baina ya meneja na msanii. Meneja anaweza kubadilisha aina ya bolti. Rangi ya kitambaa hawezi kuigusa bila ya saini ya msanii. Ugomvi mwingi katika kazi hizi huanzia kwenye mambo yaliyo katikati, kama vile taa kupunguzwa ili umeme utoshe.

Kwa kuwa ni wa kujitegemea, mkataba wake ni wa huduma wala si wa ajira, na malipo yanakwenda kwa hatua: michoro ya kihandisi kukubaliwa, vifaa kufika, kazi kufunguliwa, eneo kurudishwa. Nchini Tanzania mlipaji hukata kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mtoa huduma mkaazi na asilimia 15 kwa asiye mkaazi. Jambo hilo lisipotajwa mapema, meneja kutoka nje atakuta ada aliyokubaliana imepungua, na uhusiano utaanza kwa manung'uniko.

Hatua ile ya mwisho, ya kurudisha eneo, ndiyo wanayoisahau wengi. New York ilikataa malango yale mwaka 1981, ikayakubali mwaka 2003 chini ya meya Michael Bloomberg. Katikati ya hapo mpango wenyewe ulibadilika: badala ya kuchimba mashimo kwenye bustani, nguzo zikakaa juu ya vitako vizito vya chuma vilivyowekwa tu juu ya njia. Wasanii walilipia kila kitu, takriban dola milioni 21, na mji ukalipwa dola milioni 3 juu yake. Maonyesho yalidumu kuanzia Februari 12 hadi 27, 2005, kisha kila kipande kikang'olewa na vifaa vikapelekwa viwandani kutumika upya.

Ofisi inayotafuta meneja mradi wa kujitegemea kwa usimikaji wa kuzingira itamfaidi zaidi ikimwita kabla bajeti haijapitishwa, ili fungu la kung'oa liandikwe sambamba na la kusimika. Na tangazo la kazi litaje yote mawili.