Ziwa Nyasa lilivyogombaniwa maktabani

Kila mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa unapofufuka, wanasheria hukimbilia mwaka 1890. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani na Tanzania kuja juu. Wenzetu walishika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, unaopitisha mpaka kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa. Sisi tukashikilia mstari wa katikati. Rais mstaafu wa Msumbiji, Joaquim Chissano, akaombwa asuluhishe. Kwa watu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay hoja ya ukingo ina kichekesho chake: mama akishuka na ndoo yake asubuhi, akilowesha miguu tu keshavuka mpaka.

Sasa, mwaka 1890 ni jana. Ziwa hili lilikwisha kugombaniwa kwa wino miaka mingi nyuma, na waliogombana walikuwa wasomaji wa vitabu vya kale, watu wa maktaba, ambao wengi wao hawakupata hata kulinusa. Kisa chao nimekiokota zaidi katika maandishi mawili: makala ya Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, iliyotoka katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1948, na makala ya mwanahistoria Roy Bridges ya mwaka 1976.

Gray alihangaika na safari moja. Mwezi Machi 1616 Mreno Gaspar Bocarro aliondoka Tete, kando ya mto Zambezi, kwenda Kilwa kwa miguu. Bwana mkubwa wa Tete, Diogo Simões Madeira, alikuwa akitafuta migodi ya fedha ya Chicova, na alitaka sampuli za madini hayo zimfikie mfalme bila kupita kisiwa cha Msumbiji, ambako alikuwa na wabaya wake. Bocarro akajitolea kuzipeleka kwa njia ya bara. Alibeba nguo, na njiani akanunua bangili za nyaya za shaba zilizofuliwa na mafundi wa hukohuko, zikawa ndizo chenji zake. Ukifika kwa jumbe unatoa nguo; ukitaka kuku au unga unatoa bangili. Akapita kwa Muzura, mtawala mkubwa wa Wamaravi, akavuka mto Shire, na imeandikwa kwamba jirani na hapo pana ziwa linalofanana na bahari. Kisha Ruvuma, kisha nyika isiyo na watu, na Mei akatokea Kilwa.

Hakupita huku kwetu Mbinga. Ziwa aliliacha kusini kabisa, akaelekea mashariki. Lakini maneno yale machache, yaliyohifadhiwa na António Bocarro, mwandishi wa historia wa serikali ya Wareno huko Goa, ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa yanayolitaja ziwa letu. Miaka minane baadaye, mwaka 1624, padri Mjesuiti Luís Mariano naye akalieleza katika barua yake kutoka Tete. Kisha likakaa kwenye makabrasha. Kitabu cha António Bocarro hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1876, huko Lisbon.

Hapo ndipo anapoingia William Desborough Cooley, ambaye mimi nakiri nimempenda pamoja na ukaidi wake wote.

Cooley alizaliwa Ireland, akaishi London, na Afrika hakuikanyaga hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kusoma. Mwaka 1841 alitoa kitabu kuhusu Afrika Magharibi kama ilivyoelezwa na Waarabu wa zama za kati: aliwachukua akina al-Bakri na Ibn Khaldun, akalinganisha jina na jina, mwendo wa siku na mwendo wa siku, akapanga tawala za Ghana na Mali mahali pake. Miaka mitano baadaye akawa mbele katika kuanzisha Hakluyt Society, chama cha kuchapisha upya safari za kale, ambacho kingali hai. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mhakiki wa matini: hakuamini neno mpaka alione limesemwa na nani, lini, na kwa lugha gani.

Mwaka 1845 akaigeuzia mbinu hiyo upande wetu. Jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia lilichapisha makala yake ndefu juu ya ziwa aliloliita N'yassi. Alikuwa amepekua vitabu vya Wareno vya karne ya 16 na 17. Zaidi ya hapo alikuwa na mtaji ambao wenzake hawakuwa nao: katika miaka ya 1830 alikutana London na Mswahili, Khamis bin Uthman, akiwa na mtumwa wake Nasibu. Akawahoji juu ya njia za misafara, majina ya makabila, siku za kutembea. Fikiria: ziwa letu linachorwa mjini London kwa kauli ya mtu wa pwani, miaka kumi na ushei kabla Livingstone hajaliona.

Alichokosea Cooley ni kikubwa. Aliposikia habari za maji makubwa ya kusini na maji makubwa ya kaskazini magharibi, akayaunganisha, na Nyasa na Tanganyika zikawa ziwa moja. Hakuwa peke yake katika kosa hilo. Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann walitoa ramani iliyoyamwaga maziwa yote makubwa katika bwawa moja lenye umbo la koa, na London ikacheka mpaka ikawatuma wasafiri Burton na Speke waende kuangalia.

Mwaka 1858 Burton na Speke wakafika Ujiji. Tarehe 16 Septemba 1859 Livingstone akafika upande wa kusini wa Nyasa. Maziwa yakawa mawili, kesi imekwisha. Kwa Cooley haikwisha. Aliandika vijitabu na barua, akamshambulia Livingstone, akaendelea kubisha hata mto Zambezi usipite pale Livingstone alipousema. Ni huyuhuyu aliyekwisha kumbishia Rebmann kwamba theluji haiwezi kukaa juu ya Kilimanjaro. Alikufa mwaka 1883 na ziwa lake moja mkononi.

Rahisi kumcheka. Bridges hamcheki, na mimi namfuata. Ukisoma vizuri unaona ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya ushahidi: nani aaminiwe? Wasafiri walisema anayejua ni yule aliyefika na chombo cha kupimia latitudo. Cooley alisema Mreno wa mwaka 1616 na Mswahili wa 1834 nao ni mashahidi, wahojiwe na wapimwe. Chama cha Jiografia kikawachagua wasafiri. Tangu siku hiyo, yale ambayo watu wa Kilwa walikuwa wakiyajua kwa vizazi yakahesabiwa uvumi, na Livingstone akawa "mgunduzi". Hata Wareno walilalamika: José de Lacerda alitoa kitabu kizima Lisbon mwaka 1867 kumpinga Livingstone, akimtetea Candido Cardoso wa Tete aliyedai kulifikia ziwa mwaka 1846. Kelele za bure. Livingstone alikwisha kushinda magazetini.

Katikati ya hao yupo kijana mmoja ambaye kumbukumbu yake inaniuma. Albrecht Roscher, Mjerumani, alikuwa ameandika kitabu juu ya Ptolemaio, yule mwanajiografia wa kale wa Aleksandria, na njia za biashara za Afrika ya kati. Tofauti na Cooley, yeye alifunga kitabu akaja. Aliondoka Kilwa na msafara, amevaa Kiarabu, mgonjwa kiasi cha kubebwa, na tarehe 19 Novemba 1859 akafika ufuko wa mashariki, miezi miwili baada ya Livingstone. Alikuwa na umri wa miaka 23. Machi iliyofuata aliuawa kwa ajili ya mali aliyokuwa nayo, na wauaji wake wakakatwa vichwa hadharani huko Unguja.

Baada yao walikuja waliokaa. Shemasi Mkuu William Percival Johnson wa misheni ya UMCA alizunguka mwambao huu zaidi ya miaka arobaini, akaandika kitabu chake juu ya Nyasa mwaka 1922, akafa mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Kaburi lake bado linazuriwa. Gray alikuja na makala yake, mwanahistoria Freeman-Grenville akaiingiza safari ya Bocarro katika mkusanyo wake wa nyaraka za pwani mwaka 1962, na tangu hapo wenye kuzisoma ni wachache wa vyuo vikuu.

Hili ndilo linalonikera. Mkusanyo huo ni wa Kiingereza, makala ya Gray ni ya Kiingereza, kitabu cha Bocarro ni cha Kireno. Mimi sijapata kuona hata kurasa tatu za safari hiyo kwa Kiswahili, lugha ya Kilwa alikofikia. Mwanafunzi wa Mbinga anajifunza 1859 na jina la Livingstone, anajibu mtihani, anapata alama.

Huko ng'ambo ya ziwa, Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, hakuzidharau karatasi za kale. Mwenyewe alieleza kwamba jina la nchi yake alilikuta kwenye ramani ya zamani ya Kifaransa iliyoandikwa Ziwa Maravi. Mwaka 1964 nchi ikawa Malawi, na kwao ziwa likafuata jina hilo. Mwaka 1968 akatoka na ramani pana zaidi, iliyoimeza hata sehemu ya kusini ya Tanzania, na Nyerere hakumchekea. Ziwa Maravi limo pia katika ramani ya Afrika ya d'Anville ya mwaka 1749, refu na jembamba, upande wa kaskazini halina mwisho. D'Anville alichora dunia nzima akiwa Paris.