Bati la London na Dhahabu ya Salamabila

Mara nyingi, katika parokia za Kasongo na Kabambare, tunasikia lawama moja: vijana wameacha mashamba, wameacha masomo, wanakimbilia mashimo ya dhahabu kule Salamabila. Watu husema ni tamaa. Hatukatai. Tamaa iko, na ulevi na ugomvi wa mashimoni unajulikana na kila katekista wa sehemu ile. Lakini anayetaka kuelewa jambo hili vizuri aulize maulizo mawili: kabla ya kushika chepeo na karai, watu hawa walikuwa na kazi gani, na feza yao walikuwa wakiiweka wapi? Majibu hayapatikani Salamabila peke yake. Mengine yako Kinshasa, na mengine yako mbali zaidi, London, katika soko moja ambamo wanunuzi hukaa katika duara na kutaja bei ya madini kwa kupaaza sauti.

Tuanze na feza. Mwaka 1967 Serkali ya Mobutu ilifuta falanga na kuweka zaire mahali pake: zaire moja kwa falanga 1,000, na zaire moja ilinunua dola mbili za Marekani. Kwa miaka michache mambo yalikwenda. Kisha bei ya shaba ikaanguka tangu 1974, na inchi ilikuwa imekopa sana kwa kuitumainia shaba hiyo. Toka 1976 Mfuko wa Feza wa Kimataifa ulianza kutoa mikopo pamoja na masharti yake. Ndani ya shida hiyo, siku ya Noeli ya 1979, redio ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena. Mipaka ilifungwa. Kila mtu alipewa siku chache tu za kubadilisha, na kiasi chenye kikomo.

Serkali ilikuwa na sababu zake. Noti zilikuwa nyingi kupita mali iliyokuwako, bei zilipanda, na wafanyabiashara wa magendo walikuwa na noti zetu inje ya inchi. Katika kitabu cha uchumi hoja hizo zinasimama. Lakini banki ziko mijini. Mkulima wa mpunga aliyeweka noti zake ndani ya sanduku, siku mbili za mguu kutoka barabara ya magari, angefika namna gani? Mwenye rafiki ndani ya banki alibadilisha zake zote. Asiye na rafiki alibaki na karatasi. Sisi tunawaza kwamba pale ndipo watu wa kwetu walipojifunza kutoweka mali katika noti. Dhahabu haibadilishwi kwa tangazo la redio.

Miaka mitatu nyuma, Serkali yenyewe ilifungua mlango. Sheria ya Novemba 1982 iliruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu na almasi inje ya maeneo ya kompani. Mbele ya pale, mtu aliyekamatwa na dhahabu mfukoni alikwenda gerezani. Tena, Septemba 1983, kwa makubaliano na Mfuko wa Feza, zaire ilishushwa kwa mara moja na kupoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake mbele ya dola. Mwenye mshahara aliumia. Mwenye dhahabu hakuumia, maana bei yake inahesabiwa kwa dola. Nani atashangaa basi kwamba watu walifuata njia ile ambayo Leta mwenyewe aliionyesha?

Lakini wengine walikuwa bado na kazi. Hapa inafaa kukumbuka kwamba Maniema iliishi kwa bati, lile jiwe tunaloliita kasiterite, kuliko kwa dhahabu. Kalima, Kailo, Punia, Kampene ni majina ya bati. Namoya, pale Salamabila, ilikuwa dhahabu ya kompani. Mwaka 1976 makompani mengi ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa moja, SOMINKI, na Serkali ikapata fungu lake ndani. SOMINKI ililipa mishahara, ilitengeneza barabara na madaraja, ilikuwa na hospitali na masomo. Mahali pengi yenyewe ndiyo iliyoonekana kama Serkali.

Na bei ya bati ililindwa. Tangu 1931 inchi zenye bati zilipatana kupunguza uchimbaji ili bei isianguke, na Kongo ya Wabelgiji iliingia katika mapatano hayo miaka michache nyuma. Mwaka 1956 yalianza mapatano mapya, yenye Baraza la Kimataifa la Bati, na ndani yake walikaa pamoja wauzaji na wanunuzi. Jambo hilo lilikuwa kubwa. Malaysia, Thailand, Indonesia, Nigeria na Zaire walikaa meza moja na Uingereza, Ufaransa, Ujapani. Baraza lilikuwa na ghala. Bei ikishuka mno, msimamizi wa ghala ananunua bati na kuliweka. Bei ikipanda mno, anauza.

Msomaji atasema: hii ni kazi ya Yosefu katika Misri! Ndiyo, shauri ni lile lile. Lakini Yosefu alijaza ghala kwa nafaka ya miaka ya shibe, na nyuma yake alisimama Farao. Baraza la Bati lilijaza ghala kwa deni.

Maana katika miaka ya 1980 watu wa Ulaya na Amerika walizidi kutia vinywaji vyao katika makopo ya aluminiamu. Brazil, ambayo haikuwa ndani ya mapatano, ilichimba bati nyingi na kuiuza ovyo. Marekani na Bolivia walikataa kutia sahihi mapatano ya sita, ya 1982. Hivyo msimamizi, Pieter de Koning, alipaswa kununua na kununua tena, na feza ya inchi wanachama haikutosha. Alikopa kwa mabanki, akaahidi kwa wachuuzi kwamba atalipa miezi ya mbele. Kila mtu alimwamini. Nani angewaza kwamba baraza la inchi nyingi, pamoja na Jumuiya ya Ulaya, litashindwa kulipa?

Tarehe 24 Oktoba 1985 alitangaza kwamba feza imekwisha. Soko la London lilifunga biashara ya bati siku ile ile. Madeni yalifika karibu pauni milioni 900. Bati iliyouzwa pauni zaidi ya 8,000 kwa tani ilianguka chini ya 4,000 katika mwaka 1986. Siku moja Alhamisi, katika mji ambao mchimbaji wa Kampene hatauona kamwe, nusu ya thamani ya kazi yake ilikwenda.

Basi inchi wanachama zilifanya nini? Zilikaa miezi kadiri zikitafuta shauri la kugawana deni, zikashindwa kupatana. Wenye kudai walikwenda mbele ya mahakama. Shauri lilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na Oktoba 1989 majaji walitoa hukumu: Baraza ni mtu wa sheria peke yake, deni ni lake, si la inchi zilizoliunda. Kwa sheria, pengine hukumu ilikuwa sawa. Lakini tazameni maana yake. Serkali zinaweza kukusanyika, kuunda chombo, kukifanya kiaminiwe kwa jina lao, na chombo kikivunjika zinaondoka mikono mitupu na safi. Mwaka 1990 zilikubali kutoa pauni milioni 182.5 ili maneno yaishe. Feza ile ilikwenda kwa mabanki na wachuuzi. Fungu la Kalima au Kampene halikuwamo.

Kinshasa nayo ilibanwa. Oktoba 1986 Mobutu alisema hatalipa madeni ya inje zaidi ya sehemu 10 kwa mia ya mali iliyouzwa inje. Mwaka uliofuata alirudi kupatana na Mfuko. SOMINKI haikusimama tena. Mashine ziliharibika, madaraja yalioza, na mfanyakazi wa zamani alikwenda kuchimba kwa mkono pale alipochimba zamani kwa mshahara. Katika Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani, na mwenye kushuku noti aliona tena kwamba hakukosea.

Nyuma ya pale dunia ilitambua deni la Serkali yetu: mwaka 2010 Mfuko wa Feza na Banki ya Dunia walikubali punguzo la dola bilioni 12.3. Tulifurahi, na haki ilikuwako, kwa sababu sehemu kubwa ya feza ile haikujenga kitu. Hata hivyo noti za 1979 hakuna aliyezikumbuka.

Namoya ilikwenda kwa kompani ya Kanada, Banro, iliyonunua SOMINKI mwaka 1996. Mwaka 2012 Banro ilikopa dola milioni 175 katika masoko ya inje, wakati dhahabu ilikuwa bado juu. Ili kazi ya mashine ianze, wachimbaji wa mkono walitakiwa kuondoka kwenye vilima kama Mwendamboko, na ugomvi ukaanza, ambao wasomaji wetu wa sehemu ile wanaujua kuliko sisi. Kiwanda kilihesabiwa kuwa kimeanza kazi ya biashara Januari 2016, bei ya dhahabu ikiwa imekwisha kushuka sana. Desemba 2017 kompani iliomba ulinzi wa mahakama ya Ontario mbele ya waliokuwa wakiidai. Sheria ya Kanada ina mlango wa namna hiyo kwa kompani. Kwa mtu aliyeondolewa Mwendamboko akiwa na deni la mchele na mafuta katika soko la Salamabila, hatujaona mlango kama ule katika sheria ya inchi yo yote.