Joto Ndani ya Magari ya Kwanza

Magari ya mwanzo ya Marekani na Ulaya mengi yalikuwa wazi, bila paa imara wala madirisha ya vioo. Majira ya baridi yalipofika, abiria walijikinga kwa makoti ya manyoya, glavu na blanketi nzito zilizofunika mapaja na miguu.

Mkaa miguuni
Chini ya blanketi iliwekwa hita ya miguu: kisanduku cha bati kilichofunikwa zulia, chenye droo ya kutia tofali dogo la mkaa uliowashwa. Mkaa huo uliungua polepole kwa saa kadhaa, bila ndimi za moto. Wengine walitumia chupa za maji ya moto au mawe yaliyopashwa jikoni.

Joto la injini
Katika miaka ya 1920 magari yenye bodi iliyofungwa yalienea, na joto la injini likazidi kutumiwa. Hewa ilipitishwa kando ya bomba la ekzosi, ikapata moto, kisha ikaingizwa kwa abiria. Ford Model A iliweza kufungwa hita ya aina hii. Hatari yake ilikuwa kubwa: bomba likitoboka, kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu, iliwafikia waliomo ndani.

Maji ya moto
Miaka ya 1930 ilieneza hita salama zaidi. Maji yanayopoza injini yalizungushwa katika radieta ndogo, na feni ikapuliza joto lake. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ilitoa mfumo uliovuta hewa ya nje, ukaichuja na kuipasha. Kanuni ya radieta ndogo na feni ingali inatumika katika magari ya petroli na dizeli.